Saa Kumi Zinazojirudia: Tahakiki ya "Window of Opportunity"

Ni nadra ukurasa huu kujadili mchezo wa televisheni, tena wa bunilizi ya kisayansi. Kipindi hiki ni cha msururu wa Stargate SG-1, kilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Agosti 2000, na watunzi wake ni Joseph Mallozzi na Paul Mullie. Nimekichagua kwa sababu ndani yake mna darasa la lugha.

Malikai, mwanaakiolojia wa sayari nyingine, anawasha mtambo wa kale ili arudi wakati ule mkewe alipokuwa hai. Jaribio linakwenda mrama. Badala ya kurudi miaka, muda wa saa kumi hivi unaanza kujirudia, na upande wa wanajeshi wanaokumbuka ni Kanali O'Neill na Teal'c peke yao. Ili kuuzima mtambo, yawabidi wasome maandishi yake, yaliyo katika lugha yenye undugu na Kilatini. Mtaalamu ni Daniel Jackson, lakini kila duru naye husahau yote. Mwalimu huanza upya. Wanafunzi ndio wabebao somo. Sisi tuliozoea kulalamika kwamba wanafunzi husahau, hapa tunageuziwa kibao!

Niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi ya kukisimulia kipindi hiki kwa Kiswahili, nao wakakwama kwenye njeo. Je, kanali "alikula" kifungua kinywa au "hula"? Kwa Daniel ni -li-, jambo la mara moja. Kwa O'Neill ni hu-, mazoea yanayochosha. Tulijadiliana hadi kipindi kikaisha, na sijapata mfano mwingine unaotenganisha viambishi hivi vizuri kiasi hicho.

Vichekesho vimefana, hasa kanali anapopiga mpira wa gofu kupitia lango la nyota. Hata hivyo, vimekula nafasi ya huzuni. Mke wa Malikai hatumsikii akisema neno. Mapenzi yanayosababisha balaa lote yanaelezwa kwa haraka mwishoni. Kinachookoa sehemu hiyo ni O'Neill, aliyefiwa na mwanawe kwa ajali ya bastola yake mwenyewe. Anamwambia Malikai kwamba hawezi kuuishi upya msiba ule. Hapo mzaha wote unakoma, na Malikai anaachia mtambo. Sikubali kwamba maneno machache hivyo yangemgeuza mtu aliyejaribu kwa bidii namna ile, ila mwigizaji Richard Dean Anderson anayatamka kwa utulivu unaoshawishi.

Penzi jingine limepita karibu bila kelele. Katika duru mojawapo O'Neill anajiuzulu jeshi ili ambusu Meja Carter, jambo ambalo kanuni za jeshi zisingemruhusu. Muda unaanza upya. Mwishoni, wakiwa mezani, kanali anamtazama Carter na kutabasamu, naye hajui kwa nini.