Kicheko Alichokirithi kwa Mamake

Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 75, Charlie Chaplin alitoa tawasifu yake. Msomaji anayemjua kwa kofia yake ya duara, masharubu mafupi na bakora hukifungua kitabu hicho kwa kutaraji kucheka. Atacheka, lakini kila atakapocheka atajiuliza iwapo ilikuwa halali kucheka. Suali hilo ndilo roho ya kitabu. Mwandishi analikabili kwa ujasiri katika sura za mwanzo, kisha, kwa maoni yangu, analikimbia katika zilizobaki.

Chaplin alizaliwa Uingereza mwaka 1889, wazazi wake wote wawili wakiwa waimbaji wa majumba ya burudani ya London. Baba alitekwa na ulevi, akafa mwaka 1901. Mama, Hannah, alipoteza sauti, kisha akapatwa na maradhi ya akili. Mwaka 1896 Charlie na kaka yake Sydney walipelekwa katika nyumba ya mafukara ya Lambeth. Kwa hiyo jukwaa kwa mtoto huyu halikuwa ndoto ya umaarufu; lilikuwa ndiyo kazi pekee aliyoikuta nyumbani, na lilikuwa limekwisha kuwavunja waliomtangulia.

Kisa kikuu cha kitabu kinatokea Aldershot, mbele ya askari. Mama anaimba, sauti inakatika, watu wanazomea. Msimamizi anamsukuma jukwaani Charlie, mtoto wa miaka mitano, aimbe badala yake. Watu wanamrushia sarafu. Naye anasita kuimba, anatangaza kwamba ataziokota kwanza. Ukumbi unaangua kicheko. Hapo hakuna tatizo. Tatizo linakuja baadaye, pale mtoto, katika kuwaiga waimbaji, anapoiga pia sauti ya mamake ilivyokatika. Watu wanazidi kushangilia. Chaplin anatuambia kwamba usiku ule ulikuwa wa kwanza kwake jukwaani na wa mwisho kwa mamake.

Mwandishi mwengine angelia hapa, au angejitetea. Chaplin hafanyi lolote kati ya hayo. Anasimulia na kupita. Huo ndio ubora wa nathari yake anapokuwa katika hali nzuri: anaamini kwamba tukio lenyewe lina uzito wa kutosha. Vivyo hivyo katika kisa cha kondoo aliyetoroka njiani kuelekea machinjioni. Watu wanaanguka wakijaribu kumkamata, mtoto anacheka. Kondoo anakamatwa, mtoto anakimbilia kwa mamake akilia kwamba watamuua. Mwandishi anajiuliza kama filamu zake zote hazikuota kutoka siku ile. Anayemkumbuka akila kiatu kwa adabu zote za mezani katika filamu yake ya mwaka 1925, The Gold Rush, atajua jibu. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Kwa Chaplin usaha ulitangulia, mzaha ukafuata.

Lakini umaarufu unapoingia kitabuni, msanii anatoka. Sura kwa sura tunapewa majina ya wakubwa na karamu zao, huku waliofanya kazi naye studio wakipata nafasi finyu, na namna kichekesho kinavyoundwa ikibaki siri. Lugha nayo inavimba. Chaplin alisoma kidogo sana shuleni, na anakiri kwamba aliitafuta elimu si kwa kuipenda bali kama ngao dhidi ya dharau ya walimwengu. Sisi tuliojifundisha wenyewe tunaijua ngao hiyo. Neno zito lililovaliwa kama joho la kuazima humpwaya mvaaji, hasa mvaaji ambaye ulimwengu mzima ulimwelewa bila ya kusema neno hata moja. Mfasiri atakayekileta kitabu hiki katika Kiswahili ajihadhari na hilo: sura za mwanzo zinataka Kiswahili cha uani, na mwenye kuzipamba atazizika.

Je, mtoto wa Aldershot alimdhulumu mamake? Kitabu hakihukumu, ila maisha yake yana jibu. Kwengineko Chaplin amepata kusema kwamba ni Hannah aliyemfundisha kuwatazama watu: akikaa dirishani, akiwaigiza wapita njia kwa uso na mikono, mpaka mtoto akajua kumsoma mtu kwa mwendo wake. Kuiga, basi, kulikuwa mali ya mama. Mtoto aliutumia urithi kabla mwenyewe hajafa, na aliutumia dhidi yake, bila ya kujua. Deni hilo, naona, ndilo alilolipa mwaka 1921 katika The Kid, filamu ya mtoto aliyeachwa na mama maskini, ambamo mwisho mama na mwana wanakutanishwa. Hannah aliletwa Marekani na wanawe mwaka huo huo, akafia huko mwaka 1928.

Kisomeni kitabu hiki mpaka pale kijana anapofika Marekani. Kuanzia hapo, kifungeni, mkazitazame filamu zake. Humo ndimo tawasifu inamoendelea.