Matamshi ya Kijapani katika Vitabu vya Wasafiri

Vitabu vidogo vya misemo vinavyotungwa kwa ajili ya wasafiri waendao Japani hupenda kudai kwamba matamshi ya Kijapani ni mepesi. Dai hilo ni kweli nusu tu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomponza msomaji.

Kijapani kina irabu tano zinazokaribiana sana na za Kiswahili, ingawa u yake haichongoi midomo. Tahajia ya Kilatini iliyoenezwa na kamusi ya mmisionari Mmarekani James Curtis Hepburn, hasa toleo la 1886, hutumia sh, ch, j, y na w karibu sawa na Kiswahili sanifu. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu angeweza kusoma «sumimasen» (samahani) bila msaada. Lakini vitabu vya Kifaransa humpitisha njia ya mzunguko: u hugeuzwa kuwa ou, na pale tahajia ya Hepburn inapoachwa bila maelezo, ch ya «konnichiwa» (salamu ya mchana) husomwa sh.

Kasoro iliyo kubwa zaidi ni kupuuza urefu wa sauti. «Obasan» ni shangazi; «obaasan» ni nyanya, yaani mama wa mzazi. «Kite» ni njoo. «Kitte» ni stempu ya posta. Ajuaye kwamba kufa si kufaa hahitaji kuhubiriwa juu ya jambo hili. Vivyo hivyo, anayetamka nchi kwa silabi mbili ataelewa upesi kwamba n ya kwanza ya «konnichiwa» ina pigo lake yenyewe.

Hata hivyo, Kiswahili nacho kina mtego wake: mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho. Kijapani hakitumii mkazo huo, bali hupandisha na kushusha sauti. Huko Tokyo, «hashi» inayoanza juu ni vijiti vya kulia. Inayoanza chini na kupanda ni daraja. Hapo sikio la msemaji wa Kiluba au Kibemba, lugha zenye toni, lina faida ambayo Kifaransa hakiwezi kuitoa.

Vitabu hivyo vinastahili sifa kwa kueleza kwamba u ya mwisho katika «desu» hufifia. Lakini kwa msomaji wa Kongo, mwongozo ufaao ungeanzia katika lugha zake mwenyewe, wala usingezifanya zisubiri mlangoni.