Vanishi Juu ya Vumbi

Waliokaa kutazama picha zote za ujenzi wa ile modeli ya Datsun 240Z ya rali ya Safari, tangu vipande vyake vilipokatwa kwenye fremu hata gari liliposimamishwa juu ya ubao wake, hawana haja ya kuelezwa ni dakika gani ninayoikusudia. Kazi ilikuwa imekwisha kutimia, vumbi limekwisha kukaa mahali pake, wala hapakubaki jambo ila kuweka brashi chini na kunawa mikono, pale fundi alipolitwaa bomba lake la kupulizia, akalijaza vanishi ya kung'aa, akalipiga gari zima kutoka paa hata mbavu za matairi, pasipo kufunika mahali hata pamoja. Sababu aliyoitoa ni kwamba alitaka vumbi lisipukutike. Nami, pamoja na heshima niliyo nayo kwa mkono wake, sina budi kusema bayana kwamba uamuzi ule ulikuwa batili, na kwamba kazi ya wiki nyingi ilitiwa ila kwa pumzi chache za kompresa.

Mengine yote yalikuwa mema: maungio ya plastiki yalisuguliwa yakapotea, wekundu wa bodi ulilala sawasawa, stika za nambari 11 zilikaa milangoni bila ya kiputo, na nyaya za plagi zilikuwa na wembamba unaostahili kipimo cha 1/24. Hayo yatosha.

Yafaa sasa tulitazame tendo lile kwa utulivu, kwa kuwa wengi wamelisifu, na sifa isiyostahili huwapoteza wanafunzi kuliko lawama. Vumbi huonekana vumbi kwa sababu uso wake umejaa mabonde na vilima visivyohesabika, kila chembe ikiurudisha mwanga upande wake mwenyewe, hata jicho la mtazamaji lisipate mahali pamoja penye kumeta. Vanishi ni kimiminiko. Ikianguka juu ya chembe hizo huyajaza mabonde, hulainisha uso, na hapo mwanga uliokuwa ukitawanyika kila upande huanza kurudi kwa njia moja kama urudivyo kutoka kwenye kioo. Fauka ya hayo, rangi yenyewe huiva, kwani chembe iliyozungukwa na vanishi haitawanyi mwanga kama chembe iliyozungukwa na hewa. Na hii ndiyo sababu ardhi iliyonyeshewa ina rangi nzito kuliko ardhi kavu, ilhali udongo ni ule ule. Basi ule wekundu mpevu wa vumbi la moramu, uliokuwa umetengenezwa kwa ustadi mkubwa chini ya milango na nyuma ya matairi, uligeuka mbele ya macho yetu ukawa hudhurungi yenye kulowa, na gari lililokusudiwa kuwa limetoka safari ya maelfu ya maili likaonekana kama kaimati iliyotiwa shira.

Hata hivyo, jambo lililonisikitisha zaidi ya vumbi ni boneti. Datsun za timu ya kiwanda zilikuwa nyekundu zenye boneti nyeusi, na weusi ule haukuwa pambo. Magari ya rali yalipakwa rangi nyeusi isiyong'aa juu ya boneti ili mwanga wa jua usimrudie dereva machoni katika safari ya saa nyingi. Fundi wetu aliujua ukweli huo, maana alitumia rangi iliyofaa na akaipuliza vyema. Kisha akaifunika kwa mng'ao ule ule ambao boneti ilipakwa weusi ili kuukimbia. Kadhalika matairi, ambayo mpira wake wapaswa kuwa na kijivu kidogo cha vumbi na uchakavu, yalitoka yakiwa yametakata. Mng'ao mmoja ulitanda juu ya chuma, mpira, kioo, kitambaa cha mikanda ya kuzuilia matope, na udongo. Na palipo na mng'ao mmoja juu ya vitu vitano, jicho husadiki kwamba vyote vitano ni kitu kimoja, yaani plastiki.

Na tusisahau hesabu ya kipimo. Katika 1/24, milimita moja ya modeli ni milimita 24 za gari la kweli. Tabaka la vanishi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambalo si ajabu kupatikana mtu apulizapo mara tatu nne, ni sawa na milimita mbili na nusu hivi za vanishi juu ya bati la gari halisi. Mwanya wa mlango, ambao katika gari la kweli ni kama milimita tano, katika modeli ni sehemu mbili za kumi tu za milimita moja, na mwanya huo ndio wa kwanza kuzibwa. Fundi alikuwa ameuchimba upya kwa sindano katika sehemu ya pili ya picha zile, akatueleza na faida yake. Katika sehemu ya mwisho akauziba.

Najua jibu litakalotolewa, na insafu yanitaka nilitaje. Watu watasema kwamba matope mabichi hung'aa. Ni kweli, tena udongo mweusi wenye kunata wa nchi za bara, ukiwa umelowa, hung'aa sana, na aliyewahi kusukuma gari katika njia zile baada ya mvua ya Pasaka hahitaji ushahidi mwingine. Lakini fundi hakutengeneza matope mabichi. Alitengeneza vumbi kavu juu ya paa, vumbi kavu katika mianya ya milango, na matope yaliyokauka na kupasuka chini ya madigadi, akayapasua kwa makusudi kwa ncha ya kijiti. Matope yaliyopasuka kwa ukavu hayawezi kuwa yamelowa. Lau angalitaka ubichi, njia ilikuwa wazi: tone la vanishi ya kung'aa kwenye brashi nyembamba, likawekwa nyuma ya gurudumu moja au mawili, pale maji yakawiapo kukauka, na kwingine kote kukaachwa kukavu, na tofauti hiyo ya mbichi na kavu ingaliipa modeli uhai.

Ama hoja ya kwamba vumbi lingepukutika, hiyo ni hofu yenye dawa zake. Unga wa rangi hushikwa kwa kuchanganywa na tapentaini isiyo na mafuta, ukawekwa kwa brashi na kuachwa ukauke; penye unga mwingi, tone la kishikizi huwekwa pembeni, nalo hujipenyeza lenyewe kati ya chembe bila ya kuusumbua uso wao. Atakaye ulinzi zaidi hupuliza vanishi isiyong'aa, ukungu mwepesi kutoka mbali, ingawa hata hiyo hupunguza weupe wa vumbi, naye kwa hiyo hulizidisha vumbi kidogo tangu mwanzo. Na aliye na busara hulifunga gari kwenye ubao wake kwa skrubu, akaushika ubao, asiliguse gari tena.

Vanishi ya kung'aa ina mahali pake, na mahali pake ni chini. Hutangulia stika, ili zilale juu ya uso laini zisifungie hewa na kuonyesha weupe pembezoni. Hurudiwa juu ya stika, ikasuguliwa kwa msasa wa 2000 na kuendelea hata ukingo wa stika usihisike kwa kidole. Juu yake hupitishwa rangi nyepesi ya kuingia mianyani. Baada ya hapo ndipo kila kitu hupewa hali yake, boneti ikafishwa mng'ao, matairi yakapauka, na vumbi huja mwisho wa yote. Taratibu hii si siri.

Nimekwisha kuandika, na naandika tena, kwamba chanzo cha balaa hili ni ibada ya mng'ao. Ina nasaba yenye heshima, siikatai. Nchini Marekani, chama cha Fisher Body Craftsman's Guild, kilichoendeshwa chini ya General Motors toka 1930 hata 1968, kiliwafundisha vijana kuchonga na kupaka rangi kwa subira ambayo leo ni nadra. Na kampuni ya AMT, ilipoanza mwaka 1958 kuuza vifurushi vyake vya kuunda gari kwa namna tatu, ilitoka katika kazi ya kutengeneza modeli za kutangazia magari mapya madukani. Katika malezi hayo gari ni gari la dukani, halijakanyaga njia, na mng'ao wake ni haki yake. Kosa limekuja pale kanuni ya duka ilipohamishiwa katika magari ya Safari, mashindano ambayo mwaka 1963 na tena mwaka 1968 yalimalizwa na magari saba tu. Na waamuzi wa mashindano ya modeli wamelea kosa hili. Nimepata kuona meza moja ambayo gari la rali lililofubazwa kwa elimu na uangalifu lilinyimwa alama kwa maneno kwamba rangi yake haikumalizika, na la jirani yake, safi kama lililotoka bandarini, likavikwa utepe. Tangu siku ile sijaacha kulisema jambo hili, wala sitaacha.

Wazee wetu katika sanaa hii walianza kwa kutazama. Shunsaku Tamiya, alipokuwa akitayarisha modeli ya Porsche 934 iliyotoka mwaka 1976, alinunua Porsche 911 ya kweli akaifungua vipande, ili kampuni yake ijue kilichomo ndani badala ya kukikisia. Gerald Wingrove wa Uingereza aliyajenga magari yake katika kipimo cha 1/15 kwa shaba na subira, akiliendea kwanza gari lenyewe kwa kulipima na kulipiga picha, na waya za magurudumu yake hadi leo hazijapata mpinzani machoni pangu. Na katika suala hili la vumbi, walimu wetu wametoka upande wa vifaru: Shepard Paine, ambaye karatasi zake za maelekezo ziliwekwa ndani ya vifurushi vya Monogram, na François Verlinden wa Ubelgiji, aliyeeneza kazi ya brashi kavu na rangi ya kuoshea. Hao hawakuwa na aina kumi za unga wa rangi unaouzwa leo katika vikopo, lakini walijua kwamba udongo haung'ai. Sioni haya kusema kwamba kifaru cha Paine cha miaka ya 1970 kina ukweli mwingi kuliko nusu ya magari ya rali yanayoshangiliwa sasa.

   

Lipo na suala la mahali vumbi linapokaa, ambalo fundi alilifahamu kabla ya kulifuta. Gari linalokimbia haliokoti vumbi kwa usawa. Magurudumu hulirusha likashika sehemu za chini za milango na bampa. Nyuma ya gari hewa huvutwa kwa ndani, na vumbi huvutwa pamoja nayo, ndiyo maana mkia wa 240Z, uliokatwa kwa ghafula, na kioo cha mlango wake wa nyuma huchafuka kuliko ubavu. Waipa huacha nusu duara mbili safi. Kitasa cha mlango huzungukwa na alama za mikono. Ncha ya mbele hupata majeraha ya mawe, si vumbi peke yake. Yote haya yalikuwamo, na nilipoyaona nilifurahi, nikasema moyoni kwamba hatimaye amepatikana mtu aliyelielewa gari la Edgar Herrmann na Hans Schüller, washindi wa Safari ya mwaka 1971, ambalo limehifadhiwa Zama, Japani. Furaha ile ndiyo iliyonifanya niandike kwa uchungu huu. Kwa kazi ya ovyo nisingalipoteza wino.

Kwa hiyo namgeukia fundi mwenyewe, kama mkubwa amsemezavyo ndugu yake katika kazi. Gari lako laokoleka. Funika vioo na taa kwa utepe wa karatasi, acha zile nusu duara za waipa zifunikwe pamoja na vioo, kisha puliza vanishi isiyong'aa juu ya boneti, matairi, chini ya milango, paa na mkia. Silika iliyomo ndani yake itaurudishia uso ukwaruzo wake, na ukwaruzo huo utakuwa mshikizo mzuri wa unga mpya. Weka vumbi lako upya kwa mkono ule ule uliolifanya mara ya kwanza, kwani ulilifanya vizuri. Mwanya wa mlango uuchimbe tena kwa sindano, taratibu, usiikwaruze rangi. Kisha liache gari hivyo, na bomba la vanishi lioshe kwa tina ulirudishe kabatini.