Pedeli Inayozama: Breki za Nyuma za Landrover 109

Landrover hii, 109 ya Series III, ililetwa kwa fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, ikiwa na shtaka moja. Ukishuka Iwambi kuelekea Mbalizi, pedeli ya breki inazama karibu na sakafu. Ukikanyaga mara ya pili inapanda na gari linashika. Mwenye gari alikuwa ameshalipia kutoa upepo mara tatu kwenye gereji nyingine, na mara zote tatu alirudishiwa gari likiwa vilevile. Nilikuwepo dramu zilipofunguliwa. Naandika haya kwa sababu kosa hilo nimeliona mara nyingi mno kwenye magari ya zamani ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na ni kosa linaloua.

Upepo ukiingia kwenye mabomba, pedeli inakuwa kama unakanyaga sponji. Ya gari hili haikuwa hivyo. Ilishuka bure, kisha ilipokutana na kazi ikawa ngumu kama jiwe. Huo si upepo, ni mwanya kati ya leningi na dramu. Masta silinda ina kiasi chake cha mafuta inachosukuma kwa mkanyago mmoja. Brekishuu zikikaa mbali, mafuta yote yanaishia kuzisogeza tu. Ukikanyaga tena upesi, kabla springi hazijazirudisha, ndipo zinabana. Dereva anazoea kupampu na kujifariji kwamba breki zipo.

Kwenye tambarare ya Usangu anaweza kuishi hivyo miaka. Mlimani hapana. Piga hesabu: gari la tani 2 likishuka kimo cha mita 350 kwa breki peke yake huzalisha joto la kutosha kuchemsha debe la maji la lita 20. Dramu ikipata moto inatanuka, yaani inazidi kuikimbia leningi, na mwanya uliovumilika juu ya mlima unakuwa hatari kabla hujafika chini. Diski haina tabia hiyo, lakini 109 ina dramu magurudumu yote manne, za inchi 11 kila moja.

Kabla ya jeki, kuna jambo la hendibreki ambalo kila anayegusa gari hili lazima alielewe. Hendibreki ya Landrover hizi haishiki magurudumu. Inashika propela, kwenye dramu yake ndogo nyuma ya gia boksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaruhusu lile lililoinuliwa kuzunguka kinyume huku lililobaki chini likibingirika, na gari linaondoka na hendibreki yake imevutwa hadi mwisho. Fundi alipiga mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, pande zote mbili, akayasukuma kwa mguu kuhakikisha yamekaa. Ndipo akaweka gia huru na kuachia hendibreki, maana bila hivyo gurudumu lililo juu halizunguki wala huwezi kuseti kitu.

Tairi likatoka. Dramu imeshikwa na skrubu tatu zenye vichwa vilivyozama, na hizo alikuwa amezipaka oili tangu jana yake. Hata hivyo moja iligoma, akaipiga bisibisi kwa nyundo mapigo mafupi mpaka kutu ikakatika. Hakuanza kuvuta dramu papo hapo. Kwanza alikwenda nyuma ya sahani ya breki, akalegeza kabisa kirekebishio chenye kichwa cha pembe nne kilichopo chini. Dramu iliyotumika sana huacha ukingo pembeni, na brekishuu zikiwa zimetanuka hunasa pale. Wasiojua hili hugonga ukingo kwa nyundo nzito. Dramu ni chuma cha kusubu: hakipindi, kinapasuka.

Vumbi la ndani hakulipuliza kwa kompresa, alililowesha maji na kulifuta kwa kitambaa. Leningi za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, na asibesto ni saratani. Natamani kila gereji ya Uyole na Sae ingefanya hivi.

Upande wa kushoto leningi ilikuwa imelika hadi karibu na ribiti. Kulia palikuwa na kitu kingine: unyevu mweusi, mzito, umeshika robo nzima ya leningi. Hapa pua ndiyo kipimo. Mafuta ya breki ni mepesi. Haya yalinata na kutoa harufu ya kiberiti, yaani oili ya difu. Fundi alifunua mpira wa vumbi wa wili silinda, ndani kukavu. Basi sili ya habu ndiyo iliyovuja. Wengi wangebadilisha sili na kufunga. Yeye aliingia chini ya gari kutazama tundu la kupumulia la ekseli, akalikuta limezibwa na tope lililokauka kama saruji. Ekseli ikipata joto bila pa kupumulia, inasukuma oili nje kupitia sili, na sili mpya ingevuja vilevile.

Leningi zilibadilishwa pande zote mbili. Iliyokunywa oili haiponi kwa petroli. Joto likipanda inaitema tena.

Kuseti kulichukua dakika chache. Kaza kirekebishio kwa kufuata mshale wa saa. Kila hatua inagonga, ka, na unaisikia vidoleni. Gurudumu likikwama, mtu akanyage pedeli kwa nguvu ili brekishuu zijipange katikati, kisha kaza tena, maana mara nyingi nafasi inapatikana. Halafu rudisha hatua mbili. Gurudumu la nyuma linazunguka na uzito laini wa oili na propela, na usiuchanganye na mkwaruzo wa leningi: uzito ni wa mzunguko mzima, mkwaruzo unakuja na kupotea. Mbele kila gurudumu lina virekebishio viwili, nako kukasetiwa. Nipeli za upepo hazikuguswa kabisa.

Siku mbili baadaye gari lilikwenda Iringa, kilomita zipatazo 330 kupitia Makambako na Mafinga. Leningi mpya haigusi dramu yote siku ya kwanza, inagusa vilima vyake tu, navyo vikishalika mwanya unarudi. Kwa hiyo pale Ipogolo tulipiga mawe tena. Kila upande wa nyuma ulikubali hatua moja zaidi. Tukapanda hadi mjini, tukageuza, tukashuka kuelekea Mto Ruaha Mdogo kwa gia ya pili. Pedeli ilishika juu, kwa mkanyago wa kwanza.