Sitara na Ukweli: Magazeti na Maadili ya Mwambao

Husemwa mara nyingi kwamba uhuru wa magazeti ni jambo la kigeni, na kwamba maadili yetu yataka aibu isitiriwe. Katika makala hii tunakusudia kuipima hoja hiyo kwa ushuhuda wa mwambao wenyewe, kutoka Bagamoyo hadi Tanga.

Vita vya 1888 na 1889 baina ya watu wa Mrima na Wajerumani vilisimuliwa na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Mtunzi hafichi yuko upande gani, wala hawapambi walioshinda. Tuusome kando ya Kiongozi, gazeti lililochapwa Tanga katika shule ya serikali ya Kijerumani: humo mashairi ya Kiswahili yaliwasifu watawala. Basi ulimi wa kusema ulikuwapo; kilicholetwa na wageni ni gazeti la kuitii serikali.

Urithi huo haukuondoka na mkoloni. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kufungia gazeti. Ilifuatwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Mwaka 2017 Mawio na MwanaHALISI yalifungiwa miezi 24 kila moja. Leseni zilirudishwa Februari 2022. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, ilirekebishwa 2023.

Hata hivyo hatuidharau sitara. Pwani humfunika mjane, maskini na mgonjwa. Na gazeti linaloanika msiba wa mnyonge ili linunuliwe, tunalilaumu. Lakini sitara inayomfunika mwenye nguvu asiulizwe si sitara tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Yeremia 36 yatufundisha. Mfalme Yehoyakimu alilikata gombo kwa kisu, akalitupa motoni. Baruku akaandika upya maneno yale yote, na mengine mengi yakaongezwa. Mfalme alichoma gombo, asilichome neno.

Somo hili latuhusu sisi watumishi kwanza. Kanisa linalodai magazeti yaseme kweli juu ya serikali halina budi kuyaacha magazeti yake yenyewe yaseme kweli juu ya mapato ya sharika na migogoro ya dayosisi. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumeshika kisu kile kile cha Yehoyakimu.