Bildi ya Angani

Nahodha wa jahazi akitilia shaka kina cha maji hutupa bildi. Kamba hushuka na kipande chake cha risasi, ikagusa chini, naye akajua kama apite au ageuze tanga. Helikopta ya manowari ina bildi yake pia. Hushuka mpaka mita kumi na kitu juu ya mawimbi, husimama hewani papo hapo, kisha huteremsha sona kwa waya hadi majini, ikapiga sauti na kusikiliza mwangwi. Kimya? Waya hupandishwa, wakasogea mbele, wakaanza upya. Anayeitazama kwa mbali hudhani imepumzika. Kumbe hapo ndipo inapotoka jasho, maana kutulia hewani ni kazi nzito kuliko kwenda mbio.

Wessex HAS.3 ya Uingereza iliundwa kwa uwindaji huo wa nyambizi. Ilikuwa na injini moja tu, na rada yake ilikaa katika nundu mgongoni, kama ngamia. Ndani walikaa watu wanne: marubani wawili mbele, na nyuma msoma rada na mwenzake wa sona. Moja ya helikopta hizo, iliyobebwa na manowari Antrim, mabaharia waliipa jina la Humphrey. Katika vita vya Falkland vya mwaka 1982, alfajiri ya Aprili 25 karibu na kisiwa cha South Georgia, msoma rada wake Chris Parry aliona doa kwenye kioo. Ilikuwa Santa Fe, nyambizi ya Argentina, ikienda juu ya maji. Rubani Ian Stanley akaifuata, yakaangushwa mabomu mawili ya kulipukia majini, na nyambizi haikuweza tena kupiga mbizi. Helikopta nyingine zikaja kuimalizia. Ikajikokota hadi Grytviken, kwenye kisiwa hicho, na huko mabaharia wake wakaihama.

Hilo ndilo linalosimuliwa sana. Mimi moyo wangu uko siku tatu nyuma.

Aprili 21 Humphrey na Wessex 5 mbili za kubebea askari zilipeleka kikosi cha SAS, askari maalumu wa Uingereza, juu ya mto wa barafu wa Fortuna, kisiwani humo humo. Usiku tufani ikawaangukia. Asubuhi ya Aprili 22 wakaomba kuondolewa, kabla baridi haijawaua. Zile Wessex 5 hazikuwa na rada, hivyo zilimtegemea Humphrey awe jicho lao. Fikiria chumba cha rubani wakati huo: hakuna mbingu, hakuna ardhi, ni weupe mtupu kila upande. Ya kwanza iliruka, ikapotelewa na upeo wa macho, ikaanguka ubavuni. Waliokuwamo wakagawanywa kwenye mbili zilizobaki. Haukupita muda, ya pili nayo ikajigonga kwenye mgongo wa mlima. Hakufa mtu, lakini waliokuwa katika hiyo ya pili waliachwa kule juu.

Humphrey akarudi Antrim, akashusha aliowabeba, akapakia mablanketi na dawa, akapanda tena. Mawingu yakamfungia njia. Hapa ndipo ninapoinama mbele ya ufundi huu. Mikono ya Stanley ilikuwa imezoea kuituliza helikopta juu ya bahari inayochafuka. Macho ya Parry yalikuwa yamezoea kusoma alama hafifu kwenye kioo na kumwambia aliye mbele aende wapi. Hakuna kati ya hayo lililokusudiwa kwa ajili ya milima, na yote yalifaa mlimani. Wakarudi kungoja. Jioni mawingu yakapasuka kidogo, wakapenya.

Walikuta watu zaidi ya wale ambao helikopta ile ingepaswa kubeba. Kuacha nusu hadi safari nyingine ilikuwa kuwaacha usiku wa pili, na hakuna aliyejua kama pengo lile la mawingu lingebaki. Wakapakiwa wote, wamebanana, na Humphrey akateremka kuelekea baharini.

Kwa uzito ule injini isingeweza kuituliza helikopta juu ya manowari ili kushuka polepole, kama ilivyo desturi. Sitaha ya Antrim ilikuwa ikipanda na kushuka. Stanley akaiendea moja kwa moja, mara moja tu, magurudumu yakagonga chuma, mlango ukafunguliwa, wakaanza kutoka mmoja mmoja, theluji ingali kwenye nguo zao.