Mguu Mwepesi kwenye Barabara ya Njoro

Mwendesha baiskeli aliyeiva utamjua kwa magoti. Yanapanda na kushuka sambamba na fremu, hayatanuki kwenda nje, na mlima unapoanza mwendo wake haubadiliki sana. Mabega yametulia. Viwiko vimekunjika kidogo. Ukimtazama kwa mbali utadhani hafanyi kazi yoyote, kumbe amekuwa akipanda tangu alipoiacha barabara kuu ya Eldoret.

Mwanafunzi naye utamjua kwa magoti hayo hayo. Amechagua gia nzito kwa sababu anaamini nguvu ndiyo mwendo. Mwili mzima unayumba, usukani unakwenda huku na huku, na kila pedeli anaikanyaga kama mtu anayeua nyoka. Kwa kilomita tatu atawaacha wenzake wote nyuma. Kufika ya kumi, wanampita mmoja mmoja, nao bado wanapiga gumzo.

Kutoka hali ya pili hadi ya kwanza ni safari ya miezi, na mimi sichoki kuitazama. Huko Kaptembwo, mtaa uliobanana magharibi mwa jiji la Nakuru, iko sababu nzuri ya kuianza. Si mbali na nyumba za mtaa huo unapita uzio wa umeme wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, takriban kilomita 74 kuzunguka eneo la kilomita za mraba 188. Vifaru wamehifadhiwa humo tangu miaka ya 1980. Siku za kawaida huwezi kuingia na baiskeli, maana kuna simba na nyati. Lakini yako mashindano ya hisani, Cycle with the Rhino, ambayo huwaruhusu waendesha baiskeli kuzipita barabara za ndani huku askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) wakilinda njia, na fedha zinazopatikana zikienda kwenye uhifadhi. Kijana aliyekulia karibu na uzio, ambaye huenda hajawahi kuwa na nauli ya gari la watalii wala ada ya geti, anaweza kuingia kwa miguu yake mwenyewe, na kuingia kwake kukawa mchango. Hiyo kwangu ni heshima kubwa, na inastahili maandalizi ya kweli.

Maandalizi huanza kwa fundi, si barabarani. Wanafunzi wengi huja na siti iliyoshushwa chini kabisa kwa sababu wanataka kuifikia ardhi kwa nyayo zote mbili. Fundi hamkemei mtu. Anaishika baiskeli isimame wima, anamwambia mwenyewe apande na aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini. Mguu ukiwa umekunjika, siti iko chini mno. Anaipandisha kwa upana wa kidole, anakaza nati, anarudia. Kisigino kikigusa pedeli huku mguu umenyooka sawasawa, basi. Kijana akikanyaga pedeli kwa sehemu ya wayo iliyo nyuma kidogo ya vidole, pale panapostahili, goti litabaki na mkunjo mdogo, na mkunjo huo ndio utakaoliokoa goti kwenye kilomita ya hamsini.

Kisha anageukia gurudumu. Analiinua, analizungusha, anatega sikio. Rimu ikigusa raba ya breki kila mzunguko, ina maana imepinda. Hagongi kwa nyundo. Anatafuta spoki za sehemu ile, anakaza ya upande mmoja robo ya mzunguko, analegeza ya upande wa pili robo ya mzunguko, anazungusha tena. Kila spoki inavuta upande wake, na rimu hunyooka pale tu zinapovutana kwa usawa. Nimewahi kuona kazi hiyo ikichukua sehemu kubwa ya alasiri, wateja wa pancha wakisubiri kwenye benchi, na fundi asiharakishe hata kidogo. Mwisho hubonyeza tairi kwa dole gumba. Kwa lami anataka liwe gumu. Kwa vumbi anatoa upepo kidogo, kwa kuwa udongo wa Nakuru una majivu ya volkano, ni mwepesi, na tairi gumu huteleza juu yake badala ya kuushika.

Wengi wa mafundi hawa walijua kuendesha kabla ya kujua kutengeneza. Kabla ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye pikipiki ndogo na bodaboda za injini zikajaa mjini, baiskeli ndizo zilizobeba watu na mizigo katika mitaa ya Nakuru. Zilikuwa za chuma, hazina gia, na baiskeli peke yake ilizidi kilo 20, kabla hujaweka abiria kwenye keria au mitungi ya maji. Mtu wa kazi ile hakuweza kupoteza nguvu asubuhi, kwa sababu jioni alitakiwa awe bado anabeba. Alijifunza kuusoma mlima kabla hajaufikia, kuchukua kasi ya mteremko na kuitumia yote, na kushuka akasukuma bila aibu pale palipozidi. Ukitaka kujua elimu ya vijana wa leo imetoka wapi, imetoka hapo.

Darasa lenyewe ni barabara ya Njoro, Jumapili alfajiri kabla malori hayajawa mengi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake tayari ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Njoro iko juu zaidi kwa takriban mita 300, na mita hizo zimetawanywa katika kilomita zisizofika ishirini. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mpando ni mdogo kiasi kwamba macho hayauoni. Yanasema barabara ni tambarare, huku miguu ikisema vingine. Mwanafunzi husimama, akakagua kama breki inashika, akazungusha gurudumu kwa mkono. Baiskeli ni nzima. Ni Bonde la Ufa linalopanda kuelekea Mau.

"Shusha gia mapema," anaambiwa. "Usingoje ukwame."

Agizo hilo ni jepesi kusikia na gumu kutii. Ukishusha gia, miguu inazunguka haraka lakini unahisi huendi popote, na kijana anaona haya. Walimu humhesabisha: goti la kulia lipande mara ishirini au zaidi ndani ya sekunde 15, yaani mizunguko themanini au tisini kwa dakika. Wengi huanza na hamsini. Gia nzito huchosha misuli, na misuli ikichoka haipati nafuu mpaka upumzike. Gia nyepesi huuhamishia mzigo kwenye moyo na mapafu, ambavyo hurejea katika hali yake baada ya dakika chache tu za kupunguza mwendo. Kipimo hakihitaji saa ya bei ghali. Sema sentensi nzima. Ukishindwa kuimaliza bila kukata pumzi, umezidisha.

Mguu huo mwepesi umefika mbali kutoka nchini mwetu. David Kinjah wa Kikuyu, aliyewalea vijana wengi kwenye baiskeli, alimfundisha mtoto mmoja aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome. Mwaka 2013, kwenye mlima Ventoux nchini Ufaransa, Froome aliwaacha wapinzani wake akiwa amekaa kitini, miguu ikizunguka kwa wepesi ambao wengi hawakuwa wameuona mlimani. Alishinda Tour de France mwaka huo, kisha 2015, 2016 na 2017. Ukiipata video ya siku ile, tazama magoti.

Kuna kula pia, na hapa wanafunzi hukaidi sana. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli hutosha saa moja na nusu hivi ya kazi nzito, pengine mbili. Ukiisha, mtu huzimika ghafla: miguu inakuwa mizito, kichwa chepesi, hasira bila sababu. Anayengoja njaa amechelewa. Wazoefu wa Kaptembwo huweka mfukoni ndizi na viazi vitamu vya kuchemsha, wakala kidogo kila nusu saa hata kama hawana hamu, na maji kwa mafunda.

Wakigeuza Njoro na kuanza kuteremka, wageni hudhani kazi imekwisha. Mimi naona hapo ndipo ustadi unapodhihirika. Breki zote mbili hushikwa pamoja, polepole, na kabla ya kona badala ya ndani yake. Kwenye vumbi mwili hurudi nyuma ya siti. Zaidi ya yote, macho hayaliangalii shimo. Yanatazama njia iliyo kando ya shimo, kwa sababu baiskeli huenda macho yanakokwenda, na kila aliyewahi kuangukia jiwe alilokuwa akilikodolea anajua hivyo. Wanakwenda kwa msururu, wa mbele akiwakatia wengine upepo, mkono ukionyesha mashimo, sauti ikipita nyuma: "Shimo kushoto! Gari nyuma!" Aliyeongoza akichoka hujiondoa pembeni akaingia mkiani bila kuambiwa.

Umbali huongezwa kidogo kila wiki, kilomita mbili au tatu, na baada ya wiki kadhaa huja wiki ya kupunguza ili mwili ujijenge. Ninachokisubiri mimi ni dakika moja ndogo, ambayo kwa kawaida huja karibu na mwezi wa tatu. Barabara inaonekana tambarare, hakuna aliyesema neno, na kijana anashusha gia. Ameuhisi mlima kabla ya kuuona. Kuanzia hapo naamini atauzunguka mzunguko wa hisani mbugani na kumaliza akiwa na nguvu za kumsaidia mwingine.

Ombi langu ni kwa wenye magari. Ukiukuta msururu huo kwenye barabara ya Njoro Jumapili asubuhi, punguza mwendo, na ukipita waachie mita moja na nusu. Tafadhali usipige honi ukiwa mgongoni mwao. Mwanafunzi akishtuka hugeuka kukutazama, na baiskeli yake itakuja ulipo.